Kiondo Nilichopeleka Endarasha

Niliondoka Giakanja kwa sababu binti yangu Njeri alikuwa ameninyang'anya mjukuu. Nilisinzia kando ya jiko nikiwa nimempakata, mtoto akaponyoka, Njeri akamdaka kabla hajafika motoni. "Mami, na hizo dawa zako, mtoto hutashika tena," akasema. Vidonge hivyo vya maumivu nilipewa hospitalini nilipovunjika nyonga kwa kuteleza kwenye shamba la kahawa. Mfupa ulipona, vidonge vikakataa kuniaga. Basi nikaamua kwenda kwa dada yangu Wairimu, Endarasha, niviache ghafla huko kwenye baridi.

Asubuhi pikapu ya jirani ilinipitisha Nyeri mjini, kisha Mweiga. Nilikuwa nimemeza viwili, kwa hiyo dunia ilikuwa laini. Ukungu uliingia dirishani ukatoka, na mashamba ya viazi yakapita polepole hata nikadhani ndiyo yanayosafiri. Kiondo kilikuwa mapajani: sukari, mkate, majani ya chai, na chini kabisa soksi yenye vidonge vya akiba. Nani huacha kitu bila akiba?

Tulipofika Endarasha, Wairimu alinipokea kiondo mlangoni akaenda nacho jikoni. Mjinga mimi. Kwetu kiondo cha mgeni hutolewa vitu na mwenyeji, tena hakirudi kitupu. Nimelijua hilo tangu utotoni, na bado nikaficha soksi humo. Nilikuwa nimeshakaa nilipokumbuka.

Alirudi ameishika. "Ati umeniletea soksi moja, Nyambura?"

Nikamwambia yote. Akaifungia kabatini. "Si umekuja kuacha? Sasa acha."

Siku zilizofuata zilichanganyika. Nilitoka jasho katika baridi ile ya Endarasha, tumbo likaendesha, mifupa ikawasha kwa ndani. Mlima wa mbali ulikuja hadi dirishani, mweupe, ukaketi kitandani pangu, nami nikauomba soksi. Nilimchukia dada yangu, nasema wazi. Yeye alinikanda miguu, akanipa uji, nikautapika. Mwishowe akasema, "Hii si baridi. Twende hospitali, mimi sitaki kukuzika."

Nyeri mjini, daktari, mama wa kutoka Kakamega, alitusikiliza hadi mwisho. "Mama, hukufaa kuacha ghafla, mwili umezoea. Tutapunguza polepole, na utakuwa ukikuja tuongee. Ikishindikana, iko dawa nyingine ya kushika nafasi ya hii. Lakini usirudie kipimo cha zamani peke yako, kinaweza kukuua." Akamgeukia Wairimu: "Na dawa isikae kwake." Nililia. Nilidhani angeniita mlevi.

Nilikaa kwa Wairimu hadi kipimo kikapungua sana na usingizi ukarudi. Siku ya kuondoka alijaza kiondo viazi na njegere, na vidonge vilivyobaki akaviweka juu kabisa, hadharani. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi niliumbuliwa na kiondo, nashukuru.

Nilipofika Giakanja, sikukipeleka kiondo chumbani kwangu. "Toa wewe," nikamwambia Njeri.

Alitia vidonge mfukoni mwa aproni. "Kesho nitakupa mimi." Kisha akatoa viazi, akapapasa chini, akakipindua kiondo. Udongo wa Endarasha ukamwagika sakafuni, basi.

Akafuta mikono, akaingia chumbani, akarudi na mtoto.

"Kwanza sogea mbali na jiko," akasema.

Nikahamisha kiti.