Mkono Chini ya Barafu

Siku moja naikumbuka kwa vidole kuliko kwa kichwa, mwanangu. Ilikuwa miaka ile simu za kugusa kioo zilipoanza kuonekana Bwera, nami nilikuwa msichana asiyetulia kama wewe, na usijifanye hunisikii.

Wakwe walikuwa wanakuja kumposa dada yangu, na baba alikuwa amewaahidi samaki, ngege wa kutoka Katunguru. Nikatumwa pamoja na baba mdogo, mwenye pikapu, tukawachukue samaki hao. Tulipanga samaki kwenye kasha, tukamwaga barafu juu, naye akaziba kwa kitambaa kitundu cha chini cha kutolea maji. "Baridi isitoke," akasema. Ndivyo alivyofanya kila safari.

Tukiwa njiani kurudi, pikapu ikazima Kinyamaseke, jua kali. Baba mdogo akaingia chini ya gari na spana zake. Mimi sikuweza kukaa. Nafungua kasha, nafunga, nazunguka gari, nafungua tena. Niliogopa wakwe wangekula samaki walioharibika, waumwe matumbo, na uchumba wa dada uishie hapo hapo.

"Barafu iko juu, si unaona?" akafoka. "Funika hiyo kitu! Wewe ndiyo unaingiza joto!"

Na hapo alisema kweli, mwanangu. Kutazama kwangu kulikuwa kunaiyeyusha tu.

Ndipo nikakumbuka chupa ya maji niliyowahi kuijaza pomoni nikaiweka kwenye friji ya duka letu. Iliganda, ikavimba, ikapasuka. Maji yakiganda hutanuka, yakachukua nafasi kubwa zaidi kwa uzito ule ule. Kwa hiyo barafu ni nyepesi kuliko maji, nayo huelea. Basi hata kikibaki kipande kimoja kitakaa juu, na wewe utasema barafu ipo! Nikazamisha mkono mpaka kwenye samaki wa chini kabisa. Maji hayakuwa na baridi tena.

"Baba mdogo, huku chini baridi imeisha!"

Alitoka, akazamisha mkono wake. Kisha akachomoa kitambaa mwenyewe. Maji yakamwagika barabarani, na barafu ikashuka ikawalalia samaki. Wachache wa chini tuliwatupa. Waliobaki, wakwe walikula wakaomba mchuzi zaidi, na dada yuko kwa mumewe mpaka leo.

Sasa wewe, tangu juzi unazunguka nyumba kwa ajili ya huyo kijana wa Kitswamba. Unachungulia simu, unaweka, unachungulia tena. Unaniambia anacheka vizuri, anavaa vizuri. Hayo yanaelea, kila mtu anayaona. Sikuambii utulie, maana mimi mwenyewe sijawahi kutulia. Nakuambia nenda kwao, keti na mama yake, uliza kijana anavyokuwa akikasirika. Zamisha mkono.

Nenda na baraka zangu, mwanangu. Mungu akujalie ujue mapema, samaki wangali wabichi.