Mazishi ya Mke wa Mkombozi

Kwenye makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu walimwita Ferdinandi Mkombozi, zamani kwa heshima, siku hizi kwa kejeli. Alizaliwa hapahapa, mtoto wa wakimbizi wa Burundi, akakulia kwenye tumbaku. Nchi ya wazee wake aliijua kwa hadithi tu, lakini mdomo alikuwa nao. Vijana wakichochea moto kwenye bani la kukaushia tumbaku, yeye anawachochea wao: hapa tumepanga tu, kwetu wamekaa wezi, na mwizi hatoki kwa kuombwa, anatoka kwa panga. Wenzake walipochukua uraia aliwaita wasaliti. Vijana wakamwelewa sana. Mwisho wakapanda treni ya Kigoma pale Kaliua, wavuke mpaka wakapigane. Yeye akabaki.

"Kichwa hakitangulii vitani," aliwaambia.

Hakurudi hata mmoja.

Sasa mkewe, Dafrosa, kafa kwa homa. Akina mama walikuja wakamwosha. Wanaume hawakutokea. Na huku mfiwa hashiki jembe, kaburi ni kazi ya majirani. Jua likipanda na husikii sururu, ujue umetengwa.

Ikabidi aende kwa Apolinaria, mama wa Eliya, kijana wa kwanza kupanda ile treni. Huyo mama akisema nendeni, wanaume wanaenda.

"Mama Eliya, nimekuja kuomba watu wa kuchimba."

"Karibu, Mkombozi. Watu gani tena? Wenye nguvu si uliwapakia treni?"

"Naomba kwa ajili ya Dafrosa."

"Na Eliya wangu kachimbiwa na nani?"

Mtu aliyekuwa anahutubia mpaka majogoo, leo kasimama anaangalia kuku.

Apolinaria akakaza khanga kiunoni. "Dafrosa alikuja kulia na mimi. Tutamzika. Ila wewe makaburini usikanyage. Ukionekana tu, watu wanaweka majembe chini."

Ferdinandi alirudi nyumbani akitegemea binti yake, Janeti, atalikataa sharti hilo. Janeti alikuwa anakunja nguo za marehemu. Alimsikiliza mpaka mwisho, wala hakuacha kukunja.

"Baki, baba," akasema. "Mama azikwe."

Mchana jeneza likatoka. Katekista akaanzisha wimbo, watu wakapokea, na Ferdinandi akausindikiza kwa masikio kutoka mlangoni. Walipokata kona ya mashamba, upepo ukauchukua. Akatega sikio, akatega. Hakujua walimshusha saa ngapi.