Aliyepepea Taa

Kila jioni, kabla mume wake hajafika kutoka kazini, Kalekye alizima taa, akapanda stuli, akaanza kuipepea balbu. Alitumia kipande cha katoni, kile kile alichopepelea jiko asubuhi. Jiko alilipepea liwake. Balbu aliipepea ipoe.

Kwa maana Muindi akiingia nyumbani hakuanza na salamu. Aliangika kofia kwenye msumari, akanyoosha mkono juu, akaigusa balbu kwa mgongo wa vidole, vile mama hugusa paji la mtoto anayeshukiwa homa. Kisha akagusa pasi. Kisha mgongo wa redio. Kimojawapo kikiwa na joto, hapo ndipo alipofungua kinywa.

"Mama Mukai, leo kulikuwa na harusi humu?"

Mtoto wao Mukai alilelewa na bibi yake Kangundo. Wao walikaa Dandora, chumba kimoja katika ploti ya vyumba sita, na dirisha lao lilitazama ukuta wa jirani, karibu hivi kwamba ungetoa mkono ungeugusa. Nje jua likiwaka, humo ndani ilikuwa kama jioni. Stima ilipoingia kwenye ploti wanawake walipiga vigelegele, na Kalekye alipiga kuliko wote, kwa sababu kazi yake ilikuwa kudarizi vitambaa vya makochi. Gizani, uzi mwekundu na uzi wa rangi ya damu ya mzee ni mapacha.

Na mtu asidhani alikuwa mharibifu. Nguo za wiki nzima alizipiga pasi kwa mara moja. Alianza na mashati ya Muindi ya ofisini, yale magumu ya pamba, na akifika kwenye leso na vitu vyepesi alichomoa waya ukutani, akamalizia na joto lililobaki. Vumbi la Dandora likiganda kwenye balbu, aliipangusa asubuhi ikiwa baridi, ili itoe mwanga wake wote. Ukuta aliupaka chokaa kwa mkono wake mwenyewe ili chumba kiangaze. Kukipambazuka alisukuma mlango hadi mwisho, akakaa kizingitini na sindano yake, maana jua halina bili. Taa aliiwasha mvua ikimfukuza pale mlangoni, au jua likizunguka nyuma ya ploti.

Hayo Muindi hakuyaona. "Haba na haba hujaza kibaba," alipenda kusema, amesimama chini ya balbu iliyopepewa. Kisha akachukua kofia yake akaenda baa, mahali ambapo taa za rangi huwaka tangu mchana na redio haijui kuzimwa. Kibaba kilijazwa nyumbani, kikanywewa huko.

Siku moja Wacera, jirani wa mlango wa pili, muuza sukuma wiki, alimfumania Kalekye juu ya stuli.

"Woi! Mama Mukai, unapepea nini huko juu? Nyama choma?"

"Napepea amani ya nyumba."

"Amani gani ya katoni? Wangu akithubutu kunigusia balbu, nitamgusisha sufuria ya moto."

Wakacheka mpaka wakashikana. Lakini Wacera alipotoka, Kalekye alikitazama kile kipande cha katoni, na kicheko kikamkauka mdomoni. Mtu mzima, mama wa mtoto, anamficha mume joto!

Ni Wacera huyo huyo aliyemletea kazi. Binti yake Wakiuru alikuwa anatolewa mahari Jumamosi, na wakwe wangejaa nyumba.

"Nataka makochi yote yavae," alisema. "Maua mekundu, majani ya kijani. Wakwe waketi waseme hapa kuna watu. Na mama wa kanisani wote watakuwa hapo. Wakiuliza ni mkono wa nani, nitakutaja wewe."

Hakuwa amewahi kupata kazi kama hiyo. Siku zote alidarizi kimoja leo, kingine mwezi ujao. Hii ndiyo ingemfanya atafutwe kwa jina lake, Kalekye mshonaji, si mke wa fulani wa chumba cha nne.

Ijumaa ilinyesha tangu asubuhi. Kalekye alifunga mlango, akawasha taa, akashona. Kilibaki kitambaa kimoja tu, na katika kile kimoja lilibaki ua moja. Aliinamia kazi hiyo asisikie saa. Alichosikia ni kikohozi cha Muindi getini. Siku hiyo alirudi mapema.

Hapakuwa na wakati wa katoni. Alizima swichi, akanyakua kitambaa cha kuoshea vyombo kikiwa chapachapa, akapanda stuli na kuikamata balbu nacho.

Paa!

Vioo vilimwagikia meza, juu ya vitambaa vya Wacera. Kipande kimoja kilimchana kidole gumba. Muindi aliingia, akaangika kofia, akanyoosha mkono, akashika hewa.

"Balbu iko wapi?"

"Imepasuka."

"Balbu baridi haipasuki, Mama Mukai."

Damu hakuiuliza. Alichukua kitambaa cha juu katika rundo, kile chenye maua mazuri kuliko vyote, akaanza kukusanyia vioo.

"Baba Mukai, hicho ni cha Wacera! Weka chini!"

"Kitambaa ni kitambaa."

Akasugua. Nyuzi zikanaswa na vioo, petali zikang'oka moja baada ya nyingine. Kalekye alishuka kwenye stuli. Moto wa miaka yote aliokuwa akiupepea upoe ukampanda kichwani.

"Ulioa mke, ama uliajiri askari wa kulinda balbu?"

"Punguza sauti, watu wanasikia."

"Wasikie! Nikiwasha unagusa, nikizima unagusa. Mvua za Aprili nililala na homa hapa kitandani, hukujua. Lakini pasi ikipata joto kidogo, unajua! Siku gani uliweka mkono huo kwenye paji langu?"

"Hasira hasara, mwanamke."

"Hasara si hiyo umeishika mkononi?"

Muindi alikung'uta vioo kwenye ndoo. "Basi nikinunua ingine," alisema polepole, "nitakuwa nikienda nayo kazini. Mfukoni."

Hakuwa anatania. Jioni hiyo Kalekye alishona kwa Wacera, chini ya taa ya Wacera, akiirudishia kila petali mahali pake. Asubuhi alimtazama Muindi akiifungua darini balbu mpya aliyoinunua usiku, akiivisha soksi na kuitia mfukoni mwa koti kama yai. Muindi akaenda ofisini.

Kalekye aliyavisha makochi ya Wacera yeye mwenyewe, akinyoosha kila pembe. Kisha akarudi chumbani, akafunga nguo zake katika shuka, na pesa ya kazi akaitia kwenye pindo la leso. Akausukuma mlango hadi mwisho, akauacha hivyo.

Getini wageni wa mahari walikuwa wakiimba ili wafunguliwe. Alipita kando yao, fremu ya kudarizia kwapani, kidole gumba kimefungwa.

"Mama Mukai!" Wacera aliita kutoka ndani. "Unaenda wapi na chakula kinaiva? Kuja ule!"

"Niwekee," akajibu bila kugeuka, akashika njia ya kwenda Kangundo, kwa mama yake na kwa Mukai.

Wacera alimwekea mpaka kikalala. Kalekye hakurudi.