Mwosha Maiti wa Bethnal Green

Homa ilipoingia Bethnal Green, mtaa wa maskini jijini London, daktari akishatikisa kichwa, mama mwosha maiti ndiye aliyeitwa. Mikono yake mipana ilinuka siki, na mdomo haukupumzika: kila maiti alimwosha huku akimkemea na kumpa umbea. "Geuka, mvivu we!" alimwambia Obadiah, aliyekata roho asubuhi ile. Mjane wake, Keziah, alilia mlangoni, masikio kayatega. Umbea wa siku ile: mke wa mwoka mikate alikuwa kamfumania mumewe na mwanamke ndani ya pipa la unga, wote weupe kama mizuka, hata mwanamke hakutambulika. Hapo mwosha maiti akakatiza hadithi, akakamua kitambaa.

"Mwanamke gani?" sauti ikauliza kitandani.

Keziah akaanguka chini. Mwosha maiti akamchapa Obadiah kwa kitambaa kibichi. "Maiti gani huyu asiye na adabu!" Kisha akamfunika blanketi, akaagiza supu. Kila Obadiah alipokataa kijiko, mwosha maiti alikata hadithi; alipomeza, aliendelea. Jioni bakuli lilikuwa tupu na mgonjwa kaketi.

"Haya mama, nimemaliza. Nani yule wa ndani ya pipa?"

"Mimi," akasema, akabeba ndoo yake, akaenda zake.