Mvua ya Mzee Ismaili

Msikiti mkongwe anaoutunza Mzee Ismaili ulijengwa na vibarua wa kahawa waliotoka Kondoa na Singida, enzi za mkoloni, kwa matofali mabichi na nguzo za mwerezi. Ismaili mwenyewe alikuja Karatu kutoka Singida akiwa kijana, akavuna kahawa, akaoa, hakurudi tena. Sasa ana miaka sitini na minane, na kwa miaka ishirini na tano ndiye anayeufagia msikiti huo na kuadhini.

Mkewe, Domitila, ni Mkatoliki wa Mbulumbulu. Ijumaa humpigia mume wake pasi kanzu, Jumapili mume humsindikiza hadi njia panda ya kanisani.

Mwaka juzi mvua ziligoma. Mahindi yalikauka yakiwa kimo cha goti. Shehe wa msikiti akawaita waumini uwanjani kuswali sala ya kuomba mvua, na kama ilivyo sunna, wakageuza mavazi yao. Ismaili alirudi nyumbani koti likiwa bado ndani nje, mifuko inaning'inia kama masikio ya mbuzi. Domitila alicheka hadi akakaa chini.

"Cheka tu," Ismaili alisema. "Lakini anika hayo maharage ndani."

Siku ya tatu mvua ikaja. Ilinyesha juma zima bila kupumua. Watu walimpongeza Ismaili njiani kana kwamba yeye ndiye aliyefungua bomba. Halafu, Ijumaa saa nne asubuhi, ukuta wa upande wa kibla ukalegea, ukaanguka wote, mihrabu na kila kitu.

Ismaili alisimama mbele ya kifusi, maji yakimtiririka usoni. Shehe alipofika, alimuuliza kwa sauti ya mtu aliyeonewa, "Shehe, kila alfajiri ninamwomba Mungu ailinde nyumba yake. Mvua nimeomba mara moja tu. Mbona hii kaipokea na ile kaiacha?"

Shehe alikitazama kifusi. "Tumefundishwa kwamba dua haipotei, mzee wangu. Utapewa hapa, au utawekewa akiba akhera, au utaepushwa na baya. Sasa angalia saa yako. Ungeanguka saa saba, tungekuwa humu ndani watu sabini."

Ismaili alielewa, lakini moyo haukutulia. Usiku hakula. Domitila alimwacha, hakumbembeleza wala kumsema.

Jumatatu wakasikia trekta. Alikuwa Tluway, mkulima wa ngano, Mwiraqw na kiongozi katika kanisa la kina Domitila. Tela lake lilijaa matofali ya kuchoma aliyokuwa ameyatunza ajengee jiko.

"Mzee Tluway, hatukukuomba," Ismaili alisema.

"Mvua mliyoiomba haikuuliza shamba ni la nani. Ngano yangu ilikuwa inanyauka, sasa imesimama tena. Niambie niyashushe wapi."

Baada yake wakaja wengine. Wanawake walikanda udongo, Domitila akiwa mbele, gauni amelifunga kiunoni, akiwapigia kelele mafundi kwamba ukuta wao umepinda. Na kweli ulikuwa umepinda. Wakabomoa mistari miwili, wakaanza upya.

Jioni moja, wakinawa miguu nje ya nyumba, Ismaili akamwambia mkewe jambo ambalo hakuwahi kulitamka.

"Domitila, kuna dua ninaiomba tangu nikuoe. Kwamba siku moja uswali nyuma yangu."

Domitila aliendelea kusugua kisigino. "Naijua. Unaiomba kwa sauti, hujui tu."

"Na hukusema kitu?"

"Niseme nini? Na mimi nakuombea ubatizwe. Miaka thelathini na moja, kila rozari."

Ismaili alimtazama, mdomo wazi. Kisha kicheko kikampanda kutoka tumboni, Domitila naye akashindwa kujizuia, wakacheka mpaka jirani akachungulia.

"Basi tunamsumbua Mungu bure," Ismaili alisema akifuta machozi.

"Usiache kuniombea," Domitila akasema. "Nitajisikia nimeachwa."

Wiki iliyofuata waliswali Ijumaa ndani ya ukuta mpya, plasta ikiwa bado ina unyevu. Ismaili aliadhini. Nje, Tluway alizima trekta yake, akasubiri mpaka amalize, ndipo akaiwasha tena kwenda shambani.