Kopo Moja kwa Mkungu

Kibiti ukiulizia mchicha wa Biasha, hata wa bodaboda aliyefika juzi atakuelekeza. Shamba lenyewe si lake. Analima nyuma ya duka la vitambaa la Dhanbai, mjane wa marehemu Kanji, kando ya barabara ya Lindi. Kiwanja kile Dhanbai alimwachia alime bure, mwaka wa tisa huo, na hakuwahi kumdai hata fungu moja la mboga. Biasha humwita Mama Dharmesh, kwa jina la mwanawe, na mchicha ukiwa mororo alikuwa akimpelekea mwenyewe mpaka jikoni.

Mwezi wa Aprili, masika yamekolea, Dhanbai alileta mche wa mkungu, ule mti wa kivuli. Wanawake wanaosubiri gari za Utete walizoea kukaa kwenye ngazi za duka lake, wanaungua na jua, wengine wana watoto mgongoni, naye akataka wapate kivuli. Mwanawe Dharmesh alichimba shimo ubavuni mwa duka, upande wa magharibi, hatua nne tu kutoka tuta la kwanza la mchicha.

"Biasha, mkono wako una baraka," Dhanbai alimwambia. "Nitunzie huu mti. Mimi magoti yameshakataa ndoo."

"Hewala, Mama Dharmesh."

Mdomo ulisema hewala, moyo ukakataa. Biasha aliujua mkungu. Unatanda matawi pande zote, na mchicha ni mboga ya jua; ukiwa kivulini unarefuka bua, majani yanakuwa haba na membamba. Akahesabu miaka mitano mbele, akayaona matuta yake yamekwisha. Angeweza kusema. Neno moja tu lingetosha: mama, tuusogeze upande wa barabarani. Lakini alijiona mgeni kwenye ardhi ya watu, akaona haya kuomba juu ya kupewa. Akanyamaza.

Na kulikuwa na jambo jingine alilolijua, alilofundishwa na baba yake, mzee Swalehe, kule kwao Mbwara. Mche wa mti haunyweshwi kama mboga. Mchicha mizizi yake iko juu juu, na baada ya wiki nne hivi unang'olewa; unataka maji kidogo kila siku, asubuhi na jioni. Mti unataka maji mengi kwa mara moja, ndoo mbili tatu yazame chini kabisa, kisha uachwe siku nne tano mizizi iyafuate huko yalikokwenda. Ukiupa kidogo kidogo kila siku, mizizi inabaki juu ikingoja. Siku maji yakikosekana, haina pa kwenda.

Masika yalipokatika, Biasha alianza kuumwagilia mkungu kopo moja kila asubuhi.

Alifanya hivyo akishamaliza matuta yake, saa ile Dhanbai anapofungua milango ya duka. Kopo moja, shinani, basi. Udongo ulilowa upana wa sinia, na kabla ya adhuhuri ulikuwa umeshakauka. Mti wenyewe ulionekana mzuri, majani mapana yanang'aa, na Dhanbai alikuwa akiwaonyesha wateja. "Yule pale ndiye anayeutunza," aliwaambia. "Hakosi hata siku moja." Biasha alicheka kidogo, akainama kung'oa magugu yasiyokuwepo.

Mwanzoni alijiambia kwamba hafanyi ubaya. Si anamwagilia? Nani atakayesema hamwagilii? Ilipofika Julai alikuwa hawezi tena kumtazama Dhanbai usoni wakati ameshika kopo. Alikuwa akitoa salamu akiwa ameupa mlango mgongo. Lakini kopo la pili hakuongeza.

Septemba, jua kali, binti yake Hadija alijifungua Utete, na Biasha akaenda kumlea mzazi. Mboga alimwachia jirani yake, Salama.

"Na mti je, da Biasha?" Salama aliuliza.

"Mti uache. Umeshashika."

Alikaa Utete siku kumi na mbili. Aliporudi, mchicha ulikuwa umesimama kijani, na pale penye mkungu palikuwa na shimo. Mti umelala kando, majani yamesinyaa rangi ya ugoro. Dharmesh alikuwa ameung'oa asubuhi ile ile. Mizizi yote ilikuwa imejisokota juu, kama kiota cha kuku, na chini yake udongo ulikuwa mkavu kama unga.

"Bi Biasha," alisema Dharmesh, "ulikuwa unamwaga maji kiasi gani?"

Kabla hajajibu, Dhanbai alitokea mlangoni. "Usimuulize hivyo mtu mzima. Mimi nimemwona kwa macho yangu, kila asubuhi." Akamgeukia Biasha. "Usihuzunike, mwanangu. Riziki ya mti imekwisha tu. Mtoto hajambo?"

"Hajambo, mama."

Dhanbai akaingia ndani, akatoka na doti ya khanga mpya. "Mpelekee Hadija, abebee mtoto."

Biasha aliipokea kwa mikono miwili. Alipofika nyumbani aliiweka juu ya kabati, hakuikunjua. Siku tatu hakwenda dukani; alimwagilia kwa kupitia njia ya nyuma, haraka haraka. Alikuwa akikumbuka neno lile la Dhanbai, "kila asubuhi," na uso ulikuwa ukimwaka akiwa peke yake chumbani. Angetukanwa ingekuwa afadhali.

Siku ya nne alikwenda. Dhanbai alikuwa akikunja kitambaa, na dukani hapakuwa na mteja.

"Mama Dharmesh, ule mti nimeuua mimi."

Akamweleza yote, kopo, mizizi, kivuli alichokiogopa, na lile neno alilomwambia Salama. Alizungumza akitazama sakafu. Dhanbai aliacha kukunja. Biasha alipomaliza, mama yule aliweka mkono juu ya kitambaa.

"Ungeniambia," alisema. "Ningeupanda upande wa barabarani. Mimi kivuli nilitaka kwa ajili ya watu, sikutaka pale hasa."

"Niliona haya kukuomba."

"Na kunidanganya hukuona haya?"

Biasha aliomba radhi, na Dhanbai akasema amemsamehe, lakini alisema hivyo huku ameanza tena kukunja kitambaa.

Kiwanja hakumnyang'anya. Vuli ilipoanza, mche mwingine ulipandwa upande wa barabarani, na shimo alilichimba Biasha mwenyewe, mpaka kiunoni. Humwagilia kila siku ya tano, ndoo tatu. Siku hizo Dhanbai hutoa kiti, akakaa mlangoni mpaka ndoo ya mwisho iishe, ndipo arudi ndani. Zamani hakuwa akikaa. Biasha hamlaumu.

Juzi Salama alipita, akasimama. "Da Biasha, mboga unazinywesha kila siku, mti siku moja moja. Hauoni kiu?"

Dhanbai alikuwa pale pale kwenye kiti, anasikia. Biasha aliweka ndoo chini. Akaanza kumweleza Salama tofauti ya mizizi ya mchicha na mizizi ya mti, polepole, bila kuacha kitu, na sauti yake ilifika mpaka kwenye kiti.