Karatasi Ndani ya Mpini

Tulipogawana vitu vya marehemu baba, baada ya arobaini, mimi niliomba tupa yake. Shamba, nyumba na zana nyingine zilibaki kwa kaka yangu, anayeishi na mama kule nyumbani Iringa, karibu na Tosamaganga. Sikuwa na neno. Baba alikuwa mpasua mbao, na tupa ile bapa ndiyo aliyonolea msumeno na shoka tangu sijaanza shule. Nilisema mbele ya ukoo kwamba nitaifua iwe kisu cha jikoni, nimrudishie mama, ili chuma cha baba kiendelee kukata mboga nyumbani kwake.

Kaka alisema iko stoo, ataitafuta. Asubuhi yake alinikabidhi stendi, imefungwa kwenye kipande cha khanga. Mpini niliutambua hapo hapo: mti wa mpera, ufa mmoja, na waya baba alioukaza kwa koleo.

Karakana yangu ni banda la bati nyuma ya nyumba, Iyunga, Mbeya. Moto nauwasha kwenye rimu la gari, fuawe ni kipande cha reli, na upepo unatoka kwenye mashine ya kukaushia nywele ya mke wangu.

"Nikienda kanisani na nywele mbichi," alisema Jumamosi ile, "nitawaambia mume wangu kaniolea mwenza, jina lake mkaa."

Naandika kila hatua kwenye daftari. Siku ile niliandika: *Mpini umetoka kirahisi. Ndani kuna kabari ya karatasi.* Karatasi nikaibana kwenye daftari bila kuikunjua. Kisha: *Meno bado makali.* Nikamsifu baba moyoni kwa kutunza vitu. Nikayasaga meno kwa grenda: *Cheche mwanzoni nyingi, zinachanua. Baadaye chache, nyuzi ndefu. Kwa nini?* Swali niliandika mwenyewe, kisha nikaendelea kufua.

Chuma kilitii nyundo vizuri mno. Mama alinipigia mara mbili wiki hiyo kuuliza kisu kimefikia wapi. "Kinapendeza, mama," nilimwambia. "Mungu akubariki, baba," akajibu.

Jumamosi iliyofuata nilikipasha hadi sumaku ikakataa kukishika, nikakizamisha kwenye mafuta ya alizeti. Chuma cha tupa kikishazimwa hivyo kinakuwa kigumu kama kioo. Ukipitisha tupa nyingine juu yake inateleza. Nilipitisha. Ikang'ata. Nikarudia kupasha na kuzima, ikang'ata tena, ikaacha vumbi la chuma kwenye vidole vyangu. Kile hakikuwa chuma cha tupa ya zamani. Kilikuwa cha zile za siku hizi, ugumu uko kwenye ngozi tu, na ngozi nilikuwa nimeisaga.

Nikakaa kwenye ndoo, nikasoma daftari tangu mwanzo. Nikakunjua karatasi. Ilikuwa kipande cha ratiba ya mazishi ya baba. Saa ya kuaga mwili ilisomeka vizuri.

Baba asingeweza kuiweka pale.

Nilisafiri hadi Iringa na bapa la kisu, mpini na karatasi kwenye begi. Mama alikuwa kibarazani anachambua maharage. Kaka alikuwa amekaa kwenye kigoda, jembe katikati ya magoti, ananoa. Tupa mkononi mwake ilikuwa imelika katikati hadi inang'aa, na badala ya mpini alikuwa amechomeka gunzi la mahindi.

"Kamwene, fundi wa Mbeya!" alinisalimu kwa Kihehe. "Umetuletea kisu au umeleta njaa?"

Nikaweka vitu vyote vitatu kwenye mkeka, nikamsomea saa ya kuaga mwili. Akaacha kunoa.

"Ulitaka kuitia motoni," alisema. "Kitu alichoshika mzee miaka yote, wewe unakigonga-gonga kama msumari. Ningekukataza mbele ya wajomba, ungesikia?"

"Hukunikataza."

"Bwana mdogo, ni tupa tu."

"Kama ni tupa tu, kwa nini mpini ukanipa wa kweli?"

Akamtazama mama. Mimi nikamtazama pia.

"Tulisema utafurahi na hiyo hiyo," mama alisema, macho kwenye maharage. "Chuma si ni chuma, baba?"

Ya kaka nilikuwa nimejiandaa nayo njia nzima. Neno *tulisema* sikujiandaa nalo. Nilikumbuka zile simu mbili na baraka iliyofuata.

Kaka alichomoa gunzi, akaninyooshea tupa. "Basi chukua. Kachome."

Niliipokea. Nikachukua mpini wa mpera, nikaingiza mkia wa tupa, nikagonga kitako mara mbili kwenye ukingo wa kibaraza. Uliingia hadi mwisho, ukashika, bila karatasi.

Nikaiweka juu ya jembe lake. Mama akasema chai iko jikoni, nisiondoke na njaa. Nikasema nitawahi gari. Bapa la kisu nililifunga kwenye ile khanga, nikalirudisha kwenye begi. Mpaka leo liko kwenye rafu ya banda langu, laini, halina mpini. Mama bado hupiga simu. Kuhusu kisu haulizi tena.